Msamaha ni Wako, Kesi ni ya Jamhuri

"Nimemsamehe mume wangu. Naomba mnifutie kesi." Maneno haya husikika mara nyingi katika vituo vya polisi na kwenye varanda za mahakama zetu. Mama anayeyasema huenda alifika hapo wiki mbili tu zilizopita akiwa na uso uliovimba, akaandikisha malalamiko, akapewa fomu ya kwenda nayo hospitali. Sasa uvimbe umeshuka, wakwe wamekuja kuomba, watoto wanamwulizia baba yao, na mama ameona heri yaishe. Anashangaa sana anapojibiwa kwamba kesi hiyo si yake kuifuta.

Wengi wetu tungeshangaa vilevile. Aliyepigwa ni mimi, aliyelalamika ni mimi, iweje nikisamehe shauri lisiishe? Kwa sababu hiyo, mwezi huu tumeona vema tueleze jinsi sheria za Tanzania Bara zinavyoshughulikia kosa la kupigana ndani ya ndoa, tangu kituo cha polisi mpaka hukumu. Hatukusudii kumfundisha mtu kumpeleka mwenzake mahakamani kwa kila ugomvi. Tunachotaka ni kila msomaji aijue njia hii kabla hajalazimika kuipita, maana mtu asiyeijua njia huongozwa na yeyote anayemshika mkono, hata yule anayempeleka kusiko.

Je, mume ana haki ya kumpiga mkewe?

Tuanze na swali hili, kwa sababu jibu lake bado linawatatiza watu wengi. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu uliofanywa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 58 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 waliona ni sawa mume kumpiga mkewe kwa angalau sababu moja kati ya hizi: kuunguza chakula, kubishana naye, kutoka bila kumwaga, kutowaangalia watoto, au kumnyima tendo la ndoa. Kwa wanaume waliokubali hivyo, idadi ilikuwa asilimia 40. Tazama jambo hilo vizuri: wanawake waliokubali kupigwa walikuwa wengi kuliko wanaume waliokubali kupiga!

Lakini sheria ilikwisha kulijibu swali hili zamani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, inatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko au kipigo, hata kama mila inasema vinginevyo. Sheria hiyo haikubagua ndoa. Iwe imefungwa kanisani, msikitini, bomani au kimila, kifungu ni hicho hicho. Wala haikubagua mume na mke. Mwanamke anayempiga mumewe naye hana haki hiyo, na mwanaume aliyepigwa ana haki ile ile ya kulindwa.

Kwa hiyo mtu akikuambia, "Nimekutolea mahari, nina haki ya kukurudi," jua kwamba hana sheria yoyote ya kuegemea. Haki hiyo haipo, na imekuwa haipo kwa zaidi ya miaka 50.

Mashtaka yana majina yake

Jambo la pili la kufahamu ni kwamba Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara haina kosa linaloitwa "kupiga mke". Wenzetu wa Uganda walitunga sheria maalum ya ukatili wa nyumbani mwaka 2010, na wa Kenya mwaka 2015. Sheria hizo zinaiwezesha mahakama kutoa amri ya kumlinda mtu dhidi ya mwenzake wa nyumbani. Sisi Tanzania Bara hatuna sheria moja ya namna hiyo. Polisi hutumia makosa ya kawaida ya jinai, yale yale ambayo mtu angeshtakiwa nayo kama angempiga jirani yake au mpita njia. Tuyataje yale yanayotokea zaidi.

Shambulio la kawaida: kofi, kusukumwa, kuvutwa nywele, pasipo jeraha la maana. Adhabu yake haizidi kifungo cha mwaka 1.

Shambulio la kudhuru mwili: hapa kipigo kimeacha madhara yanayoonekana au yanayothibitishwa na daktari, kama vile michubuko, uvimbe au jino lililong'oka. Kifungo chake chaweza kufika miaka 5.

Kujeruhi: kumkata au kumchoma mtu isivyo halali. Kifungo chaweza kufika miaka 3.

Kusababisha madhara makubwa: madhara yanayohatarisha maisha, yanayoharibu afya kwa uzito au kwa kudumu, yanayoacha kilema au kovu la kudumu, au yanayoharibu kiungo cha nje au cha ndani. Jicho lililopofuka limo humo. Kifungo chaweza kufika miaka 7. Na ikithibitika kwamba mtu alikusudia kabisa kumdhuru mwenzake kiasi hicho, sheria ina kosa jingine zito zaidi ambalo kifungo chake chaweza kuwa cha maisha.

Zaidi ya hayo kuna kutishia kuua au kudhuru, na kuharibu mali kwa makusudi, kama mtu anayechoma nguo za mkewe au kuvunja cherehani yake. Kuhusu kulazimishwa tendo la ndoa, sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 inalihesabu kuwa kosa la kubaka kwa mke pale tu wanandoa wanapokuwa wametengana. Hilo ni pengo ambalo wanasheria wanawake wamelisemea kwa miaka mingi.

Kwa nini majina haya ni muhimu? Kwa sababu jina la kosa ndilo linaloamua uzito wa kesi, mahali itakaposikilizwa, na kama kupatana kutaruhusiwa. Na jina hilo hutokana na ushahidi unaoletwa siku za mwanzo. Mama aliyevunjwa mkono akasema kituoni, "Alinisukuma kidogo tu," huenda mashtaka yakaandikwa madogo kuliko tendo lenyewe.

Tangu kituoni hadi hukumuni

Basi, njia yenyewe ikoje? Tuifuate hatua kwa hatua.

Aliyepigwa huenda kituo cha polisi. Kwa miaka zaidi ya 10 sasa vituo vingi vimekuwa na Dawati la Jinsia na Watoto, na askari wa dawati hilo wamefundishwa kusikiliza mashauri ya namna hii faraghani. Kama kituo kina dawati, omba upelekwe huko. Si lazima ueleze mambo yako kaunta mbele ya watu. Malalamiko yataandikwa na utapewa namba, ile tunayoiita RB. Itunze mahali ambapo haitapotea wala kuchanwa.

Kisha utapewa PF3, fomu ya polisi inayojazwa na daktari baada ya kukupima. Fomu hiyo hailipiwi. Lakini kama unatoka damu nyingi, umepoteza fahamu au unapumua kwa shida, uhai kwanza: kimbilia hospitali, na polisi wataarifiwa kutoka huko. Mweleze daktari kila mahali unapoumia, hata pasipoonekana. Mimba changa, sikio lisilosikia vizuri, kichwa kinachouma tangu siku ile, yote yaseme. Daktari huandika anachokiona na anachoambiwa, hawezi kubahatisha.

Watu wengi hudhani kwamba bila PF3 hakuna kesi. Si kweli. PF3 ni ushahidi wenye nguvu, lakini si ushahidi pekee. Maneno yako mwenyewe ni ushahidi. Jirani aliyesikia kelele na kufungua mlango ni shahidi, na vilevile picha za majeraha na nguo yenye damu hufaa. Basi nguo hiyo usiifue.

Polisi wataandika maelezo yako. Kabla hujaweka sahihi, omba usomewe. Kama kuna neno lililokosewa, lirekebishwe hapo hapo, kwa kuwa miezi kadhaa baadaye utaulizwa mahakamani kuhusu kila neno lililomo.

Anayetuhumiwa akikamatwa, anatakiwa kufikishwa mahakamani mapema, kwa kawaida ndani ya saa 24. Atasomewa mashtaka, naye atakiri au atakana. Na hapa tusisahau haki yake: Katiba yetu inasema mtu asihesabiwe kuwa mkosaji mpaka mahakama ithibitishe kosa lake. Mzigo wa kuthibitisha uko kwa upande wa mashtaka, nao ni mzito, kwa maana hakimu hatakiwi kubaki na shaka ya maana. Sheria inayokulinda wewe dhidi ya kipigo ndiyo inayomlinda mwingine dhidi ya uongo, na hatuna budi kuziheshimu pande zote mbili.

Makosa mengi tuliyoyataja yana dhamana. Dhamana maana yake ni kwamba mtu anangojea kesi akiwa nje, kwa masharti. Haimaanishi kwamba ameshinda. Lakini familia nyingi hazijiandai kwa siku hiyo. Mume anapelekwa mahakamani asubuhi, na jioni yuko mlangoni akiwa na hasira mara mbili ya alizoondoka nazo. Basi, kama umetishiwa, mwambie mpelelezi au mwendesha mashtaka mapema, kabla dhamana haijazungumzwa, ili amweleze hakimu na masharti yafikiriwe. Nawe amua mapema utalala wapi usiku huo, wewe na watoto. Akivunja masharti au akikutisha tena, toa taarifa siku hiyo hiyo.

Baada ya hapo huja ushahidi, utetezi na hukumu. Mara nyingi kesi huahirishwa, na nauli za kwenda na kurudi hukatisha tamaa. Hapa ndipo kesi nyingi zinapofia. Hazikuwa kesi dhaifu, ila shahidi mkuu aliacha kufika.

Kwa nini kesi si yangu?

Sasa turudi kwenye swali letu la mwanzo. Ukiangalia karatasi za kesi ya jinai katika Mahakama ya Wilaya, utaona imeandikwa "Jamhuri dhidi ya" fulani. Jina lako halipo juu. Mlalamikaji ni nchi nzima, na wewe ni shahidi wa Jamhuri.

Wengine huona jambo hili kama kunyang'anywa kitu chao. Tunaomba ulitazame upande wa pili. Kama kesi ingekuwa mali ya aliyepigwa, basi kila mpigaji angejua dawa yake: amtishe mkewe mpaka aifute. Wakwe wangejua, wenye fedha wangejua. Kwa kuiandika kesi kwa jina la Jamhuri, sheria inauondoa mzigo huo kwenye mabega ya mtu mmoja aliye na hofu. Mama anaweza kuwajibu wanaomsukuma, "Mimi nilieleza yaliyotokea. Kesi hii si mikononi mwangu tena." Kwa wanawake wengi jibu hilo ni ngao kubwa kuliko wanavyodhani.

Ndivyo ilivyo hata kwa kutoa ushahidi. Kwa kawaida Sheria ya Ushahidi haimlazimishi mke au mume kutoa ushahidi dhidi ya mwenzake. Lakini pale mshtakiwa anaposhtakiwa kwa kumdhuru mwenzi wake huyo, au watoto wao, kinga hiyo haipo. Aliyepigwa anaweza kuitwa, na akiitwa anatakiwa kufika. Kuacha kufika baada ya kupokea hati ya wito si njia ya kufuta kesi. Ni kujiletea matatizo mwenyewe.

Katika Mahakama ya Mwanzo mambo ni tofauti kidogo. Huko kwa kawaida hakuna mwendesha mashtaka wa Serikali. Mlalamikaji mwenyewe hueleza kesi na kuwaita mashahidi wake. Kwa hiyo ana nafasi zaidi ya kuomba malalamiko yaondolewe. Lakini hata huko ni kuomba tu, na mwenye kukubali au kukataa ni hakimu.

Je, sheria inakataa watu kupatana?

Hapana. Wapo wanaofikiri sheria inapenda ndoa zivunjike. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inairuhusu mahakama kuhimiza mapatano katika shambulio la kawaida na makosa mengine yanayowahusu watu binafsi, ikiwa hakimu ataona kwamba maslahi ya umma hayadai adhabu. Mapatano hayo yaweza kuwa na masharti, kama kulipa fidia ya matibabu, na mahakama ikiyaridhia inaweza kusimamisha shauri.

Tafadhali angalia tofauti iliyopo hapa. Kuna mapatano yanayofanywa mbele ya hakimu, mashtaka yakiwa yamesomwa, masharti yakiwa yameandikwa, na mpigaji akijua kwamba mahakama inamtazama. Na kuna mapatano yanayofanywa sebuleni kwa mjomba usiku, ambapo mama anaambiwa, "Kesho usiende mahakamani." Ya kwanza yana meno. Ya pili hayana kitu, isipokuwa kumfundisha mpigaji kwamba kipigo kina bei, na kwamba bei yake ni ndogo.

Ikitokea kwamba upande wa mashtaka umeiondoa kesi kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, huko kuachiwa si kutangazwa kwamba hana hatia. Anaweza kushtakiwa tena kwa kosa lile lile. Lakini mashahidi watakuwa wametawanyika na majeraha yamepona.

Na kwa makosa mazito, kama madhara makubwa, tusidanganyane: mbuzi wawili na doti ya kitenge havitoshi. Tena, kupokea au kutaka malipo ili kosa zito la jinai lifichwe ni kosa lenyewe kwa Kanuni ya Adhabu. Wazee wanaokaa kikao cha namna hiyo, hata kwa nia njema, wajue wanakanyaga wapi.

Baraza la ndoa si mahakama ya jinai

Kuna mkanganyiko mwingine. Watu wengi hupigwa, wakaenda Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, wakarudi nyumbani wakidhani wamefungua kesi. Baraza hilo, liwe la kata au la jumuiya ya dini, limewekwa na Sheria ya Ndoa ili kujaribu kuwapatanisha wanandoa. Anayetaka talaka mahakamani kwa kawaida hupitia huko kwanza. Lakini baraza halina uwezo wa kumtia mtu hatiani kwa kosa la kumjeruhi mwenzake. Hizi ni njia mbili. Njia ya ndoa huuliza: je, hawa wataendelea kuishi pamoja? Njia ya jinai huuliza: je, huyu alimpiga yule? Waweza kwenda njia moja pasipo kwenda nyingine, na waweza kwenda zote mbili.

Kwa hiyo kumshtaki mume si kuomba talaka. Kwa upande mwingine, kama umefika mahali ambapo huwezi kuendelea, Sheria ya Ndoa inautaja ukatili kuwa mojawapo ya mambo yanayoweza kuonyesha kwamba ndoa imevunjika kiasi kisichorekebishika. Pia inaruhusu kuomba mahakamani amri ya kutengana, ambayo haivunji ndoa. Na katika mashauri ya ndoa mahakama inaweza kumwamuru mtu aache kumsumbua mwenzake.

"Akifungwa tutakula nini?"

Hili ndilo swali linalowanyamazisha wengi, nalo si swali la kijinga. Mama mwenye watoto wanne, anayeuza maandazi na kutegemea mshahara wa mumewe kwa kodi ya nyumba, akilia kwamba kifungo cha mumewe ni kifungo cha nyumba nzima, hasemi uongo. Hatuwezi kumjibu kwa maneno matupu.

Lakini ni vizuri ajue kwamba si kila anayetiwa hatiani huenda jela. Tuliyoyataja hapo juu ni viwango vya juu vya adhabu. Kutegemea uzito wa kosa, hakimu anaweza kutoza faini, kuamuru aliyeumizwa alipwe fidia, au kumwachia mtu kwa sharti kwamba asitende kosa kwa muda usiozidi miezi 12. Anaweza pia kumweka chini ya uangalizi, kumpa kazi za huduma kwa jamii, au kumtaka aahidi kwa dhamana kwamba atatunza amani. Shahidi anaweza kumweleza mwendesha mashtaka hali ya nyumbani, na hakimu huzingatia mambo kama hayo anapopanga adhabu. Kusema kweli kuhusu kipigo, kisha kuomba huruma kuhusu adhabu, ni mambo mawili yanayokaa pamoja bila ubaya wowote.

Na hapa ndipo tunapopenda neno la msamaha lieleweke. Kusamehe ni jambo la moyo wako. Hakuna askari anayeweza kukuzuia, wala hakimu anayeweza kukuamuru. Waweza kumsamehe mtu leo, kesho ukasimama kizimbani ukaeleza ukweli wa alichotenda, na bado msamaha wako ukawa wa kweli. Maana msamaha huondoa chuki, hauondoi ukweli. Anayekutaka useme uongo mbele ya mahakama ili athibitishe kwamba umesamehe, hakuombi msamaha, anakuomba umfiche.

Ndugu, majirani na wazee wa kanisa

Tumezoea kusema kwamba vikombe vya kabati moja havikosi kugongana. Ni kweli, kugongana kupo katika kila nyumba. Lakini kikombe kinachovunjwa kila mwezi hakikugongana na mwenzake. Kipo mkono unaokivunja. Na wahenga walituachia neno jingine: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kwa hiyo, ukisikia kelele za kipigo kwa jirani, usiongeze sauti ya redio. Piga hodi, ita watu, piga 112 ya polisi. Mtoto akiwa hatarini, ipo namba 116 ya kusaidia watoto, na kuipiga hakulipiwi. Dada yako akija usiku na begi, usianze kwa kumwuliza alimkosea nini mumewe. Mpe mahali pa kulala, kisha msindikize kituoni asubuhi.

Wazee wa kanisa na akina mama viongozi nao wana kazi kubwa. Shauri likifika kwenu, mwulizeni kwanza aliyeumizwa peke yake, asiwe ameketi mbele ya aliyempiga. Kama kuna jeraha, au tishio la kuua, hilo si shauri la kumaliza kwa maombi na kushikana mikono. Ombeni naye, kisha mpelekeni hospitali na polisi. Msaidieni nauli ya kwenda mahakamani, na mmoja wenu aketi naye siku ya kutoa ushahidi. Nauli hiyo na mwenzi huyo vimeokoa kesi nyingi kuliko hotuba. Mkishafanya hayo, wapatanisheni kama wenyewe wanataka, kwa muda wao, wala msimharakishe mtu ambaye bado anameza dawa za maumivu.

Msaada wa sheria bila malipo upo pia. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na wengi wao wako huku huku wilayani na katani kwetu. Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, kinachojulikana kama TAWLA, pamoja na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, vimekuwa vikiwasaidia watu wasio na uwezo wa kulipa wakili. Ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya yako itakuelekeza aliye karibu.

Mambo ya kukumbuka

Kwa kifupi, msomaji wetu, yashike haya. Kumpiga mwenzi wako si haki ya ndoa, ni kosa la jinai. Yatunze ushahidi siku ya kwanza: RB, PF3, picha, nguo, majina ya walioona. Soma maelezo yako kabla ya kuweka sahihi. Jiandae kwa siku ya dhamana. Fika mahakamani unapoitwa. Na kama mnapatana, patanini mbele ya hakimu, mchana, masharti yakiwa yameandikwa.

Iweke karatasi hii mahali ambapo mwingine anaweza kuiona. Huenda wewe huihitaji, na tunafurahi kama ni hivyo. Lakini katika chama chenu cha akina mama, kwenye benchi lile lile mnalokaa kila wiki, inawezekana yupo mmoja anayevaa mikono mirefu wakati wa joto. Mwachie ukurasa huu mkononi bila kumwuliza neno.

Mwezi ujao, panapo majaliwa, tutaeleza habari ya mali iliyochumwa pamoja: nani ana haki gani wanandoa wanapotengana, na jinsi mahakama inavyoipima kazi ya mama wa nyumbani.